Siku Niliyopuliza Chungu cha Mzee Owor

Aibu yangu ina mlio. Wengine wakikumbuka ya kwao wanaona picha, mimi nasikia sauti: malwa, pombe yetu ya wimbi, inachemka bila moto, bulu bulu bulu, mbele ya watu kumi na wanane (niliwahesabu, maana sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho), na aliyekuwa anaichemsha kwa mdomo wake ni mimi. Miaka imepita lakini hata leo nikisikia uji unatokota jikoni kwangu, masikio yanapata moto, na mke wangu akiniona hivyo anacheka peke yake bila kuuliza kitu.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Owor, baba wa mke wangu, huko Mwello. Kwenye maziko waliita wakwe waseme neno. Nikasimama, nikashika kofia, nikasema, "Alikuwa mtu mwema," nikakaa. Watu wakadhani machozi yamenizidi, kumbe ndivyo nilivyo tu, maneno kwangu hutoka kwa shida kama ng'ombe anayetolewa kwenye tope. Lakini tangu siku hiyo yale niliyoyameza yamenikaa kooni, na kwa kuwa kalamu haikodolei mtu macho, nayaandika hapa. Shule niliishia darasa la sita, mnivumilie.

Wakati huo, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kazi yangu ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli pale Busia, kutoka kizuizi cha Uganda hadi kizuizi cha Kenya na kurudi. Nyuma ya baiskeli nilikuwa nimefunga kikalio cha sufi, na mteja wangu mkubwa, kwa umbo na kwa tabia, alikuwa Mwalimu Barasa wa upande wa Kenya, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa na rekoda. Sijui aliitoa wapi. Lilikuwa sanduku la kijivu, zito kama mtoto wa miaka mitatu, juu lina magurudumu mawili ya mkanda, na linakula mawe ya tochi kama mbuzi anavyokula majani ya mihogo.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kutaka kusikia watu. Kila baada ya wiki mbili alimtafuta mtu mmoja, si mkubwa wa serikali wala tajiri, mtu tu mwenye habari, akaenda kukaa naye chungu cha malwa mchana wa Jumamosi, mirija mirefu imezunguka, na kumwuliza maisha yake taratibu mpaka mkanda uishe. Jumamosi inayofuata aliupiga mkanda ule katika ukumbi wa soko, na watu wa pande zote mbili za mpaka walikuja na viti vyao kusikiliza. Tulikuwa tumemsikia mama mmoja anayeunga mifupa, na dereva wa lori aliyekwenda Kongo na kurudi na cherehani mapajani, na mzee mpiga kengele wa kanisa ambaye ni kiziwi na anajua saa kwa njaa yake. Mimi nilibeba mashine na kubonyeza vibonyezo, masikio yamefunikwa na visikizio vyenye waya. Kazi hiyo niliipenda kuliko chakula. Unakaa na watu, unasikia yote, na hakuna anayekutaka useme.

"Usimkimbize mtu, Wandera," Mwalimu alikuwa ananiambia njiani, nikiwa napiga pedali na uzito wake wote nyuma. "Uliza moja, kisha nyamaza. Kimya kikimzidi atakijaza mwenyewe."

Basi Ijumaa moja nikamkuta kitandani, blanketi mpaka kidevuni, meno yanagongana kwa malaria.

"Kesho ni Mwello," akasema. "Mzee Owor, aliyekuwa mnyapara wa reli pale Tororo. Habari nimeshapeleka, malwa imeshapikwa. Utakwenda wewe."

"Mimi, Mwalimu? Kuuliza?"

"Maswali yako kwenye daftari. Na wewe una kitu mimi sina, unajua kunyamaza. Huyo mzee unamjua?"

Nikasema, "Simjui."

Hapo ndipo penyewe. Mkitaka kujua siku yangu iliharibikia wapi, iliharibikia hapo, kwenye neno moja. Kwa macho ni kweli sikuwa namjua, sikuwahi kumwona hata kisogo. Lakini binti yake Athieno, aliyekuwa anajifunza kushona kwa fundi mmoja Busia, tulikuwa tumeahidiana mwaka mzima, na mjomba wangu alikuwa anangojea mavuno yaishe ili anipeleke Mwello kwa posa. Kwa hiyo namjua na simjui. Mtu mnyoofu angesema, "Mwalimu, huyo ni mkwe wangu mtarajiwa, siwezi." Lakini nikawaza, nitakwenda kama mtu wa mashine, nitamwona mzee yukoje, nitaondoka, hakuna atakayejua. Nilitaka kuchungulia. Hiyo ndiyo kweli na sina ya kuipamba.

Ambaye si wa huku lazima aelezwe jambo moja. Kwetu Buhehe tunasema Kisamia, kwao Mwello wanasema Kidhopadhola, lugha haziingiliani kabisa, lakini katika hili tuko mtu mmoja: mwanamume na mama mkwe hawanywi chungu kimoja. Hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenziwe apite. Ni heshima. Wakinywa pamoja wameivua heshima hiyo hadharani, na posa ambayo haijafungwa huwa inafia hapo hapo. Mimi nilijipa moyo kwamba wapishi wa malwa hukaa jikoni.

Jioni hiyo, nyuma ya nyumba yangu, nikaijaribu rekoda. Mkanda ule ulikuwa na pande mbili, upande wa kwanza ukiisha unaligeuza gurudumu kama unavyogeuza chapati na wa pili unaanza. Wa kwanza sikutaka kuuchafua, ulikuwa wa Mzee. Nikajaribu kwenye wa pili. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu na kuku, na kichwa kimejaa habari za Mwello, nikajifunza hotuba yangu ya posa. Nikajisemea nitaifuta kesho asubuhi. Asubuhi nikapata pancha kabla sijatoka Busia, na habari ya kufuta ikaishia kwenye gundi na kiraka.

Nilifika Mwello jua liko utosini. Mzee Owor alikuwa mtu mfupi, mkavu, amevaa kofia ya reli iliyobaki na matundu mahali palipokuwa na beji, na sauti yake ilikuwa kama filimbi, unaisikia kabla hujamwona.

"Karibu, mtu ya mashine! Mwalimu nakufa?"

"Hapana, Mzee. Malaria tu."

"Basi kaa. Malwa nangojea wewe tu."

Chungu kilikuwa katikati ya uwanja, majirani wamekizunguka kwenye vigoda, mirija imekielekea kama wake wa mtu mmoja wanavyomwelekea mume wao siku ya kugawa nyama. Nikapewa mrija. Mgeni asiponywa anawaambia wenyeji anaogopa sumu, kwa hivyo nikavuta funda moja, nikalimeza, likashuka vizuri na moto wake. Nikaweka rekoda kwenye kigoda karibu na chungu, nikavaa visikizio, nikafungua daftari, nikasoma swali la kwanza kwa sauti ya mtoto wa shule: ni kazi gani ngumu kuliko zote uliyopata kuifanya? Kisha nikanyamaza, na hilo halikunipa shida.

"Kinanda," akasema Mzee Owor.

Nikamtazama tu.

"Mvua inakula udongo chini ya reli, urefu kama hapa mpaka kwa ile ng'ombe." Akaonyesha ng'ombe mwekundu aliyefungwa ukingoni mwa uwanja. "Treni nasimama. Ndani kuna kinanda ya bibi moja Mzungu, nakwenda Kampala. Bwana mkubwa nasema, mizigo yote bebeni mpaka ng'ambo. Magunia, sawa. Lakini kinanda! Watu kumi na mbili. Tunafika katikati, hapo reli naning'inia kama kamba ya nguo, mtu moja nateleza, anashika kinanda kwa kiwiko, na kinanda nalia, ngwaaa! Sisi wote nafikiri treni nakuja. Tunaweka chini, tunakimbia!"

"Halafu?" nikasema, na neno hilo halikuwa kwenye daftari.

"Halafu tunaangalia nyuma, treni hakuna. Kinanda iko peke yake juu ya reli, mvua nanyesha juu yake. Basi yule bibi anashuka. Anatembea juu ya mataruma, ile mbao ya reli, viatu mkononi, anafika, anasimama, anapiga wimbo ya kanisa mpaka mwisho, ili sisi tusiogope turudi." Akavuta mrija. "Tukarudi. Tukabeba, yeye anaimba mbele. Mpaka leo nikisikia ile wimbo kanisani, mabega nauma."

Watu walicheka mpaka mirija ikatikisika. Mimi nilisahau kabisa kwamba nina hatia. Nadhani hapo ndipo nilipompenda yule mzee, kabla ya lolote jingine, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Athieno, kumbe amerudi kwao Jumamosi hiyo, akatokea jikoni na birika la maji ya moto la kuongezea chungu. Akanitazama, akatazama chungu, akanitazama tena, akageuka na birika lake bila kumwaga hata tone. Nikasikia sauti ya mama jikoni, "Na maji? Umeona jini?" Halafu mama mwenyewe akatoka, mrefu, leso kichwani, akamwaga maji, akauchukua mrija wake, akatazama duara lote akitafuta nafasi, na nafasi ilikuwa moja tu. Akaketi kwenye mkeka ubavuni mwangu, mrija wake ukapita juu ya wangu.

Kuondoka siwezi, mkanda unazunguka na Mzee anasema. Kunywa siwezi. Nikaweka mrija mdomoni nikazuia pumzi, nikijifanya mnywaji.

"Kijana," Mama akasema, "wewe nakunywa ama naonja tu mti?"

Watu wote wakanitazama. Nikaogopa malwa isipande yenyewe ikafika mdomoni, nikaisukuma kidogo irudi. Kidogo ikawa kubwa. Bulu bulu bulu! Povu likapanda mpaka ukingoni. Kupuliza chungu cha watu ni kosa ambalo hata mlevi wa mwisho halifanyi, maana ni kama kuwatemea watu wote kwa mara moja.

"Ee!" Mzee Owor akapiga kelele. "Huyu nachemsha malwa bila kuni! Mama, weka sufuria ya maharagwe juu yake!"

Wakacheka sana. Nikaomba radhi, nikasema ni kikohozi, nikaweka mdomo tena, mkono wa pili wa Mama ukagusa bega langu ukinionyesha namna ya kuvuta ("hivi, taratibu, kama mtoto nanyonya"), nikaruka, bulu bulu tena. Jirani mmoja mwenye ndevu akasema Busia wameharibika, hata kunywa wamesahau. Nikakimbilia daftari. Swali la pili, sikulisoma kwanza kimoyomoyo, nalo lilikuwa hili: Mzee, kama una binti, unataka akuletee mkwe wa namna gani?

"Mkwe!" Mzee Owor akafurahi kama mtu aliyesubiri kuulizwa tangu kuzaliwa. "Mimi nataka mkwe ya kuongea. Hapa nyumbani mimi peke yangu ndiyo redio. Lakini nasikia iko Msamia moja huko Busia nazungukia binti yangu, na watu nasema ni mkimya! Salamu tu inatoka kwake kama mtu nang'olewa jino. Sasa huyo akija hapa, tutafanya nini na yeye? Tumfunge na ile ng'ombe waangaliane?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na hicho ni kitendo kigumu kuliko kinanda.

"Wewe ndiyo unataka kelele," Mama akasema. "Mimi kimya hainisumbui. Mimi nataka mtu ya ukweli, basi." Akanigeukia. "Na wewe, mtoto ya wapi?"

"Busia, Mama."

"Busia ni soko. Mtu hazaliwi sokoni."

Kabla sijafungua mdomo, mkanda ukaisha. Tak, tak, tak, ncha yake ikawa inapigapiga. Sijawahi kushukuru mlio kama ule.

Basi watu wakataka kusikia. "Weka! Weka tumsikie Mzee ndani ya sanduku!" Kilichotakiwa ni kuurudisha mkanda nyuma, jambo nililolifanya mara mia. Lakini bega lilikuwa bado linahisi mkono wa Mama, nikanyofoa gurudumu, nikaligeuza kama chapati, nikabonyeza. Sauti nikaifungua mpaka mwisho ili hata jikoni wasikie.

Ikatoka sauti ya jogoo. Kisha yangu.

"Mzee Owor, hamjambo. Hapana. Nianze tena. Mzee Owor, mimi ni Wandera wa Buhehe, nimekuja kuomba niwe mtoto wa nyumba hii. Athieno nampenda. Hapana, mbele ya wazee usiseme unampenda. Athieno tumeelewana. Athieno, tu-me-e-le-wa-na. Sasa kohoa kidogo ndipo uingie habari ya ng'ombe. Na mama yake wanasema ndiye simba wa boma lile, basi yeye nitamsalimia kutoka mbali kabisa, na sitakaa karibu naye mpaka nitakapokufa."

Sikukumbuka hata kuzima. Aliyeelewa wa kwanza ni Mama. Aliutupa mrija kama nyoka, akajifunika uso kwa leso, akapiga yowe moja, "Uuuwi, mkwe!", akakimbia upande wa jikoni. Nami, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa tangu utoto, nikaruka nikakimbia upande mwingine. Nikasahau visikizio. Waya ukanyooka, rekoda ikaruka kutoka kwenye kigoda ikaanguka juu ya chungu, na chungu, ambacho mama yake Mzee Owor ndiye aliyekifinyanga, kikapasuka katikati, malwa yote ikawafuata watu miguuni.

Sikufika mbali. Nilifika kwa yule ng'ombe mwekundu, nikajificha nyuma yake, maana mlango wa jikoni ulikuwa unatazama uwanja wote na sikutaka Mama anione. Na kesi yangu yote ilisikilizwa mimi nikiwa nyuma ya ng'ombe.

Shangazi yake Athieno ndiye aliyesimama wa kwanza. "Chungu imevunjika. Mkwe nakunywa na mama mkwe. Amekuja kama mwizi, hasemi jina. Hapo posa gani tena? Imekufa."

"Lakini yeye nakunywa saa ngapi?" yule jirani mwenye ndevu akauliza. "Sisi wote naona anapuliza. Mtu anaweza kupuliza na kunywa pamoja?"

Pakawa na kelele. Wengine wakasema kweli, aliyepuliza hakunywa. Wengine wakasema mrija ukiwa mdomoni ni kunywa tu. Mzee Owor alikuwa amekaa pale pale, viatu vyake vinaelea kwenye malwa, kofia haijasogea. Akainua mkono.

"Wewe! Mtu ya ng'ombe! Ulimeza?"

Nikainua kichwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Mlangoni mwa jikoni Athieno alikuwa amesimama, mikono imeshika sketi, akinitikisia kichwa: sema hapana, sema hapana. Na neno hilo lingetosha. Hakuna aliyenitazama nilipovuta lile funda la kwanza. Lakini nilikuwa nimeshasema neno moja dogo siku iliyotangulia, na nilikuwa naona lilikonifikisha.

"Nilimeza," nikasema. "Mara moja."

Shangazi akapiga makofi. Athieno akafunika uso.

"Mama amekaa ama bado?" Mzee Owor akauliza.

"Bado. Alipokaa sikumeza tena. Ndiyo maana nilikuwa napuliza, Mzee. Nilikuwa naisukuma irudi."

"Anadanganya!" Shangazi akasema.

Mzee akakaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na uwanja mzima ulishtuka, kama mashine ya kusaga inapozimwa. Kisha akasema polepole, "Mtu nataka kudanganya, si angesema hajameza kabisa? Nani alimwona? Mimi sikuona." Akageukia jikoni. "Mama Athieno! Ulisema nataka mtu ya nini?"

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, ikaja sauti: "Ya ukweli." Halafu baada ya kidogo, "Lakini mwambie chungu ilikuwa ya mama yako."

"Mmesikia? Hakunywa na mkwe," Mzee akawaambia watu. "Alipuliza. Kupuliza ni ujinga, lakini ujinga haiui posa. Wewe, Wandera! Leta chungu mpya. Leta mjomba yako. Na leta mdomo yako, hiyo maneno ya sanduku utasema tena wewe mwenyewe, mimi nikikuona."

Mwalimu nilimweleza yote, tangu lile "simjui". Alicheka mpaka homa ikarudi. Mkanda tuliukausha kwenye kamba ya nguo, na habari ya kinanda ilipopigwa sokoni, watu walidai irudiwe. Upande wa pili hakuugusa. Rekoda ilibonyea pembe moja, na mpaka leo ikipata moto inanukia malwa.

Chungu kipya nilikifunga kwenye kikalio cha baiskeli, nikatembea nacho kwa miguu kutoka Busia hadi Mwello, sikuthubutu kupanda. Mjomba nyuma yangu alikuwa analalamika njia nzima. Nikasimama mbele ya Mzee Owor, nikaanza, "Mzee Owor, mimi ni Wandera wa Buhehe," na nilipofika kwa Athieno nikasita, na uwanja mzima ukasema kwa pamoja, watoto kwa wazee, "Tu-me-e-le-wa-na!" Hata habari ya kukohoa walinikumbusha.

Ndivyo nilivyooa. Na ninachotaka kumshukuru yule mzee si kwamba alinipa binti yake tu. Kila nilipokwenda kumsalimia, alikuwa ameshaweka kigoda changu karibu na ng'ombe, mbali na jikoni, na cha kwake mbele yangu. Hatukunywa chungu, tulikunywa chai. Ananiuliza jambo moja. "Leo barabarani umebeba nani?" Kisha yeye, redio ya Mwello, ananyamaza. Ananitazama chini ya kofia ile na kungoja. Mara za kwanza nilitoa maneno matatu. Hakunikimbiza. Miaka ikapita, nikajikuta namsimulia safari nzima, mteja na mzigo wake na alivyonuna, na Mzee anasema tu, "Halafu?" Sikujua nani alimfundisha. Nilidhani mimi ndiye niliyetumwa kumhoji yeye. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa hivyo kunisubiri nimalize.

Siku ya tatu baada ya maziko, Athieno alinijia pale kwa ng'ombe (si yule, ni mjukuu wake), akasema, "Mama anataka ile mashine."

Nikaenda Busia, ninakoitunza tangu Mwalimu aniachie, nikarudi nayo na mkanda. Sikuingia. Nikaiweka kwenye kigoda, nje, nikageuza uso wa rekoda uelekee mlango uliofungwa, na mimi nikakaa nimeupa mlango mgongo. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ile ya filimbi. Mahali malwa ilipoingia, sauti inazama kidogo kama mtu anayesema kutoka kisimani, kisha inapanda tena: "Watu kumi na mbili…" Waombolezaji walisogea wakakaa chini. Kwenye kinanda kulia ngwaaa, nikasikia ndani ya nyumba Mama anacheka, peke yake, kisha analia. Tukasikiliza mpaka mwisho, mpaka pale anapouliza mtoto ya wapi na kijana mmoja anasema Busia, na ncha ya mkanda ikaanza, tak, tak, tak.

Nikaharakisha kuizima. Nilikuwa nimeshika gurudumu niliweke mfukoni.

"Mtu ya ng'ombe," sauti ikasema kutoka ndani.

"Naam, Mama."

"Geuza."

Nikageuza. Jogoo akawika, na watu waliokuwa na macho mekundu tangu Jumatano walicheka wote, na nikawaacha wacheke.

Sijapuliza mrija tena, na sitapuliza. Na popote ninapokaribishwa, kabla sijakaa, kabla sijagusa chungu, nasema wazi: mimi ni Wandera, nimezaliwa Buhehe, nimeoa kwa Owor wa Mwello. Kuna wanaouliza, Owor gani? Hapo navuta kigoda.